Siku Moja Kabla ya Fort Wagner

Ukitoka Kansas City ukashika barabara kuu namba 69 kuelekea kusini, kwa sehemu kubwa unafuata mkondo wa njia ya kale iliyoitwa Texas Road. Ilianzia mipaka ya Kansas na Missouri, ikakata Eneo la Wahindi Wekundu kutoka juu hadi chini, ikavuka Mto Red na kuingia Texas. Walipita humo wachungaji na ng'ombe wao, wafanyabiashara, wahamiaji na, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, majeshi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo ni lami, malori, vituo vya mafuta na kasino za mataifa ya wenyeji. Vita vilivyopiganwa kando ya njia hii vitabu vingi vya historia ya Marekani huvipa aya moja, na vingine havivitaji kabisa.

Nilisafiri na rafiki yangu, Mkongo wa Uvira, ambaye kazi yake Kansas City ni ukalimani hospitalini. Kutwa nzima hukaa kati ya daktari na mgonjwa, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Nilipomwambia ninataka kuuona uwanja ambako watu weusi, wenyeji na wazungu walisimama mstari mmoja mwaka 1863, aliuliza kama ni vile vita vya kwenye filamu. Alikuwa na maana ya Glory, filamu ya mwaka 1989 iliyowafanya wanajeshi weusi wa Massachusetts wajulikane dunia nzima kwa shambulio lao la Fort Wagner, South Carolina. Fort Wagner ilishambuliwa tarehe 18 Julai 1863. Uwanja tuliokuwa tukiuendea unaitwa Honey Springs, na huko askari weusi walipigana na kushinda tarehe 17 Julai, siku moja kabla.

"Walishinda?" akauliza. "Na hawana filamu?"

Hawana. Na nadhani sababu yake inaanza na aina ya nchi ambako walipigana. Haikuwa jimbo. Katika miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliyang'oa kwa nguvu mataifa ya kusini mashariki, yaani Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw, Wachickasaw na Waseminole, ikayahamishia magharibi ya Arkansas. Maelfu walifia njiani. Waliofika walijenga upya serikali zao, mahakama na shule, na Wacherokee walikuwa na gazeti lao kwa lugha yao na kwa maandishi yao wenyewe. Lakini matajiri wao walifika pia na watumwa weusi. Hili la mwisho rafiki yangu hakuwahi kulisikia, na kwa maili kadhaa hakusema neno.

Vita vilipoanza mwaka 1861, askari wa serikali kuu, yaani Kaskazini, waliziacha ngome zao katika eneo hilo na kurudi Kansas. Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa, ikamtuma wakili Albert Pike kutia saini mikataba na mataifa yote matano. Si wote waliokubali. Mzee wa Wacreek aliyeitwa Opothleyahola aliwakusanya maelfu ya watu waliotaka kubaki waaminifu kwa Marekani, wakiwemo weusi, walio huru na walio watumwa, akaanza kuwaongoza kaskazini na mifugo yao yote. Walishambuliwa na majeshi ya Kusini mara tatu kati ya Novemba na Desemba. Mara ya tatu, tarehe 26 Desemba 1861, mahali paitwapo Chustenahlah, walisambaratishwa. Waliosalia walitembea kwenye theluji hadi Kansas, wengi bila viatu, na kambini wakaendelea kufa kwa baridi na njaa.

Inafaa kukaa hapo kidogo, kwa sababu sehemu ya jeshi lililopigana Honey Springs ilitoka katika kambi hizo. Wanaume wengi wa Opothleyahola waliandikishwa mwaka 1862 katika vikosi vya Indian Home Guard. Na humo ndani walikuwamo Wacreek na Waseminole weusi, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wakizungumza lugha za wenyeji na Kiingereza vilevile. Maofisa wazungu walitoa amri, na watu hao wakazifikisha.

"Wakalimani," alisema rafiki yangu. Tangu hapo safari ikawa yake kuliko yangu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Fort Scott, bado upande wa Kansas. Majengo ya mbao yenye baraza ndefu yamezunguka uwanja wa gwaride, yametunzwa vizuri na idara ya hifadhi za taifa. Hapa tarehe 13 Januari 1863 kikosi cha First Kansas Colored Infantry kiliingizwa rasmi katika jeshi la Marekani. Wanaume hao wengi walikuwa wametoroka utumwani Missouri, Arkansas na katika Eneo lenyewe. Walikuwa wamekwisha kupigana kabla serikali haijawatambua: tarehe 29 Oktoba 1862, Island Mound, Missouri, ambalo lilikuwa pigano la kwanza la kikosi cha watu weusi katika vita hivyo. Walipotambuliwa, malipo yao yalikuwa dola 10 kwa mwezi, dola 3 kati ya hizo zikikatwa kwa ajili ya sare. Mzungu wa cheo hichohicho alilipwa 13 na sare juu.

Baxter Springs tulipita bila kukaa. Mji huu mdogo una makaburi ya askari waliouawa Oktoba 1863 na genge la William Quantrill la upande wa Kusini, wakiwemo wapiga muziki wa bendi ya jeshi. Jenerali James Blunt wa Kaskazini aliponea chupuchupu siku hiyo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kuvuka mpaka wa Oklahoma, na baada ya muda unaanza kuona magari yenye namba za usajili zilizotolewa na taifa la Wacherokee.

Cabin Creek iko mbali na barabara kuu, kwenye mashamba, na siku tuliyofika hapakuwa na mtu mwingine. Kuna miti mikubwa kando ya kijito, na mawe ya ukumbusho kwenye nyasi zilizofyekwa. Mwanzoni mwa Julai 1863 msafara wa magari ya kukokotwa ulikuwa ukishuka Texas Road kupeleka chakula na risasi Fort Gibson, ngome iliyokuwa sasa mikononi mwa Kaskazini, First Kansas wakiwa miongoni mwa walinzi. Kwenye kivuko hiki alikuwa akiwangoja Stand Watie, Mcherokee, kanali wa jeshi la Kusini, mtu jasiri na mwenye watumwa wake mwenyewe. Mvua ilikuwa imekijaza kijito hata hakivukiki. Walinzi wa msafara walingoja maji yapungue hadi kesho yake, tarehe 2 Julai, wakavuka chini ya ulinzi wa mizinga yao, maji yakiwa bado mengi, na kuwatimua watu wa Watie ng'ambo ya pili. Msafara ukafika salama. Usingefika, Fort Gibson ingeachwa kwa njaa, na hapo pasingekuwa na Honey Springs.

Siku hizohizo, mbali sana mashariki, watu maelfu kwa maelfu walikuwa wakichinjana Gettysburg, na Vicksburg ilikuwa karibu kusalimu amri. Magazeti yalikuwa na habari kubwa zaidi za kuandika kuliko kivuko cha Cabin Creek.

Mwaka uliofuata Watie alirudi palepale na, Septemba 1864, akauteka msafara mwingine wenye magari kama 300, mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni moja na nusu. Siku chache kabla, mahali paitwapo Flat Rock, watu wake na Watexas walikuwa wamewavamia askari weusi wa First Kansas waliokuwa wakikata majani ya farasi, na wakawaua hata waliojificha ndani ya maji kati ya mayungiyungi. Nilisoma habari hiyo kwa sauti tukiwa tumekaa kivulini, na nikaikatiza katikati, kwa kuwa mwenzangu ametoka mahali ambako habari za watu kusakwa vichakani si za vitabuni.

Fort Gibson ilianzishwa mwaka 1824, ngome ya kwanza ya jeshi katika eneo hili pamoja na Fort Towson ya mwaka huohuo. Boma la magogo unaloliona sasa lilijengwa upya katika miaka ya 1930. Sisi tulivutwa zaidi na makaburi ya taifa yaliyo karibu. Mistari ya mawe meupe imenyooka juu ya nyasi fupi, na unaposogea karibu unaona kwamba mengi hayana jina, ni namba tu au maandishi kwamba aliyelala hapo hajulikani. Katikati, kwenye duara la makaburi ya heshima, kuna la Kapteni Billy Bowlegs, Mseminole aliyeongoza kampuni ya Indian Home Guard. Askari wa Kaskazini waliokufa Honey Springs walihamishiwa makaburi haya baada ya vita. Rafiki yangu alipita mstari mzima akisoma kila jiwe, hata yale yenye namba, akizitamka namba hizo kwa Kiswahili kwa sauti ndogo.

Kutoka Fort Gibson hadi Honey Springs ni kama kilomita 32. Blunt alifika ngomeni tarehe 11 Julai akiwa na homa kali. Alijua Jenerali Douglas Cooper wa Kusini amepiga kambi kwenye ghala kuu la Honey Springs na watu wapatao 6,000, na kwamba Jenerali William Cabell alikuwa njiani kutoka Fort Smith, Arkansas, na wengine 3,000. Yeye mwenyewe alikuwa na kama 3,000 tu na mizinga 12. Wakikutana hao wawili, Fort Gibson imekwisha. Kwa hiyo hakungoja. Alivusha watu wake Mto Arkansas uliofurika kwa mashua bapa, akawatembeza usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 17 wakawa mbele ya adui.

Sisi tuliingia uwanjani mchana wa Julai, jua likiwa limesimama utosini na nyenje wakilia bila pumzi. Ardhi haina mlima wala kilima kirefu. Ni mbuga ya nyasi ndefu inayoshuka taratibu hadi kwenye msitu mwembamba wa Elk Creek, kijito chenye maji ya rangi ya udongo na kingo zilizosimama wima. Njia za kutembea zinakupitisha kwenye vituo vya mapigano kwa mpangilio, na mahali pamoja unaona alama ya Texas Road yenyewe: mfuo mpana ulioingia chini kidogo ya usawa wa nyasi, ambao magurudumu na kwato ziliuchimba kwa miaka. Nilisimama ndani yake. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, umepasuka kwa ukame, na kwenye nyufa chungu walikuwa wakipita.

Walipofika hapa watu wa Blunt waliruhusiwa kupumzika na kula kidogo nyuma ya mwinuko. Kisha wakapangwa. First Kansas waliwekwa katikati karibu na mizinga, na mbele yao kwenye vichaka walikuwapo askari wa kikosi cha 29 cha wapanda farasi cha Texas, walioshuka kupigana kwa miguu. Upande wa Kusini walikuwapo Wacherokee wa Watie, Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Upande wa Kaskazini walikuwapo Wacherokee na Wacreek wengine. Ndugu walikuwa wakitazamana kwenye mitutu, kwa maana halisi ya neno ndugu, maana mataifa haya yalikuwa yamegawanyika hadi ndani ya nyumba.

Baruti ndiyo iliyowaangusha watu wa Cooper kabla ya risasi. Walikuwa wameipata kutoka Mexico, ambako pamba ya Texas ilipitishiwa na kuuzwa kwa sababu meli za Kaskazini zilikuwa zimefunga bandari za Kusini. Ilikuwa duni na ilinyonya unyevu upesi. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, na bunduki nyingi zikakataa kulia. (Pamba hiyohiyo ina hadithi kwetu pwani pia. Viwanda vya New England vilipokosa pamba ya Kusini, nguo ya merikani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kama fedha kwa misafara ya bara, iliadimika Zanzibar, na vitambaa vya Waingereza na vya India vikapata nafasi. Mfanyabiashara wa Bagamoyo aliona vita hivi katika bei ya jora.)

Saa ya kuamua ilikuja hivi. Kanali James Williams wa First Kansas aliongoza watu wake hadi hatua kama 40 kutoka kwa Watexas, na pande zote mbili zikafyatua kwa wakati mmoja. Williams alianguka na majeraha. Luteni Kanali John Bowles akashika uongozi, na watu hawakurudi nyuma hata hatua. Katikati ya moshi, sehemu ya Indian Home Guard ilijikuta imeingia kati ya mistari miwili, na amri ikapigwa kelele waondoke. Watexas waliisikia amri hiyo wakadhani jeshi zima la Kaskazini linarudi nyuma. Wakainuka, wakasonga mbele. First Kansas waliwangoja mpaka wakawa kama hatua 25, kisha wakafyatua kwa pamoja. Kamanda wa Texas, Kanali Charles DeMorse, alijeruhiwa, aliyeshika bendera akaanguka, aliyeiokota akaanguka naye, na bendera ikaishia mikononi mwa upande wa Kaskazini.

Tulisimama hapo muda mrefu. Mwenzangu alitaka nimweleze tena ile habari ya amri, nani aliipiga, kwa lugha gani, na nani aliisikia vibaya. Taarifa za maofisa hazisemi lugha. Lakini yeye, ambaye riziki yake ni maneno yanayovuka kutoka kinywa hadi kinywa mbele ya mtu anayeweza kufa, aliliona jambo hilo kwa namna ambayo mimi sikuiona kwenye kitabu chochote: maelekezo yaliyomhusu Mcreek yamesikiwa na Mtexas, na watu wamekufa kwa hilo.

Baada ya saa kama nne mambo yakawa yamekwisha. Cooper alijaribu kushikilia daraja la Elk Creek, akashindwa, akachoma ghala lake na kukimbia. Watu wa Blunt waliuzima moto kwa kadiri walivyoweza, wakala nyama, unga na asali ya mtama waliyoikuta. Cabell alifika wakati kila kitu kimeisha. Katika taarifa yake Blunt alihesabu wafu wake 17 na majeruhi 60, akadai kwamba alizika wa adui 150. Cooper kwa upande wake aliandika kwamba waliouawa na kujeruhiwa kwake ni 134 kwa jumla. Blunt aliisifu First Kansas waziwazi, akisema hakuna walichopungukiwa mbele ya askari wowote aliowahi kuwaona. Tarehe 1 Septemba Fort Smith ikawa mikononi mwa Kaskazini, na Kusini haikupata tena kulitawala eneo lililo juu ya Mto Arkansas. Watu wa Watie wakabaki na vita vya kuvizia, wakaendelea navyo kwa ukaidi hadi tarehe 23 Juni 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi kubwa la Kusini huko mashariki, kusalimu amri. Watie ndiye jenerali wa mwisho wa Kusini kuweka silaha chini.

Gharama iliyolipwa na mataifa yenyewe ni kubwa mno kwa idadi yao. Miongoni mwa Wacherokee inakadiriwa kwamba theluthi moja ya wanawake walioolewa waliachwa wajane, na robo ya watoto yatima. Na First Kansas hawakusahauliwa na adui zao. Tarehe 18 Aprili 1864, Poison Spring, Arkansas, walikutana tena na Watexas wale wale wa kikosi cha 29. Safari hii walizidiwa, na majeruhi wao waliuawa walipolala. Siku hiyo walikufa 117.

Kwa nini basi jina la Honey Springs halitajwi? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hili: jimbo ndilo linalojenga sanamu, linaloandika vitabu vya shule, linalopeleka maseneta Washington kuomba fedha za hifadhi. Eneo hili lilipata kuwa jimbo la Oklahoma tarehe 16 Novemba 1907. Waliolijenga jimbo walipenda kuanza hadithi yao mwaka 1889, siku walowezi wa kizungu walipoachiliwa kukimbilia ardhi, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa patupu. Katika hadithi hiyo hakuna nafasi ya mtu mweusi aliyemshinda Mtexas, wala ya Mcherokee aliyepigania utumwa na Mcherokee mwenzake aliyeupinga. Bunge la Wacherokee waaminifu kwa Marekani lilikuwa limepiga marufuku utumwa Februari 1863, na wanafunzi wangapi wa Marekani wamefundishwa hilo? Ni mwaka 2013 tu Honey Springs ilipotangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Pembeni kabisa mwa uwanja kuna kijiji cha Rentiesville, kilichoanzishwa na watu weusi mwaka 1903. Humo tarehe 2 Januari 1915 alizaliwa John Hope Franklin, mwanahistoria aliyeandika From Slavery to Freedom mwaka 1947, kitabu kilichobadilisha jinsi historia ya Wamarekani weusi inavyofundishwa. Baba yake, mwanasheria Buck Franklin, ndiye aliyewatetea weusi wa Tulsa kutoka ndani ya hema baada ya mtaa wao kuchomwa mwaka 1921. Barabara za kijiji ni chache na nyumba zimetawanyika. Tulinunua maji baridi njiani, tukarudi garini, na rafiki yangu akataka jina la mkalimani mmoja, hata mmoja tu.

Nilimpa jina la Harry Island. Alikuwa mweusi, mkalimani wa Wacreek, naye ndiye aliyekaa kati ya pande zote wakati mkataba wa amani wa mwaka 1866 ulipokuwa ukizungumzwa Washington. Wanahistoria wanampa sifa kubwa kwa kifungu kilichowapa weusi waliokuwa watumwa wa Wacreek uraia kamili wa taifa hilo, pamoja na haki ya ardhi. Katiba ya Wacreek ya mwaka 1979 iliwaondoa wazao wao. Wakaenda mahakamani, na Julai 2025 mahakama kuu ya taifa hilo, iliyoko Okmulgee, mwendo wa saa moja hivi kutoka uwanja wa Honey Springs, iliamua kwamba kifungu cha 1866 bado kina nguvu.

Aliliandika jina hilo kwenye simu yake, akaniuliza herufi moja moja, kisha akawasha gari.